Kijiko cha Maji ya Sukari

Mjukuu wangu Nyambura,

Sisi huku Shauri Moyo tu wazima. Babu yako anakohoa lakini bado anabishana na redio, na shangazi yako amemaliza kuuza belo zima la sweta za mitumba pale soko la Gikomba.

Umeniuliza mbona, uliposema mtoto atanyonya tu mpaka miezi sita, nilijibu "sawa" bila kutaka sababu.

Tulipofukuzwa kwetu tukahamia hapa, jirani yangu Mueni alijifungua. Hakutaka mwanawe aonjeshwe chochote ila titi, akisema ndivyo alivyoagizwa na daktari. Tulimcheka.

"Kwani huyo daktari wako amelea wangapi?" nilimwuliza, nikachota maji ya sukari kwa kijiko.

Mueni alinipa mtoto. Niliendelea hivyo kila siku, baadaye kwa uji, nikijiona mwema.

Mtoto aliambukizwa virusi vya UKIMWI, na mwaka hakuumaliza. Baada ya mazishi Mueni alinieleza kwamba alipimwa akiwa mjamzito akakutwa na virusi hivyo, na kliniki ilimwonya kuwa kumchanganyia mtoto maziwa ya titi na vyakula vingine kungezidisha hatari ya kumwambukiza.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, Mama Wairimu, ungekunywa tena chai yangu?"

Miaka ile nisingekunywa, naye alilijua hilo.

Kwa hiyo sababu yako, iwe ipo au haipo, sikuihitaji. Mama mkwe wako akija na kijiko, mwambie nyanya yako amekataza. Anicheke mimi.

Nyanya yako