Kilio cha Mjomba Stefano Mbele ya Kamera

Crescent Town, Toronto
Novemba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na mvua za vuli hazijaharibu tena paa la jikoni. Sisi huku wazima, baridi imeshaingia.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza mara tu nikitaja jina la Mama Mdogo Hilda. Tangu Mjomba Stefano azikwe hupokei simu zake, na kaka Danieli kanieleza ulivyosema mbele ya waombolezaji kwamba mdogo wako hana chozi la nduguye. Nataka ujue chozi hilo lilikwenda wapi. Soma mpaka mwisho, halafu uamue mwenyewe kama utaendelea kumnunia.

Kwa nini hakusafiri kuja mazishini ulishaambiwa ila hukuamini. Karatasi zake za ukaazi hazijatoka. Akivuka mpaka wa nchi hii sasa, harudi, na watoto wake wako huku. Siandiki kumtetea. Naandika nilichokiona.

Mwezi uliopita gazeti lilinituma niandike maisha na kazi ya mwongozaji wa filamu mmoja, Mwingereza, mtu mzima sasa, mwenye sifa kubwa. Jina lake halitakusaidia kitu. Alizaliwa kaskazini mwa Uingereza, mji wa bandari, baba yake mpishi wa melini. Alianza kazi kwenye televisheni akibeba nyaya. Filamu iliyompa jina ilihusu wajane wa mgodi ulioporomoka, na hakutumia waigizaji. Wajane walikuwa wajane kweli. Tangu hapo hiyo ndiyo ikawa njia yake. Kapiga filamu India, kapiga Sudani, kila mahali watu wa kawaida wanalia kweli na yeye anapewa tuzo. Ile ya wajane niliiona nikiwa mwanafunzi Dar es Salaam, nikatoka ukumbini nikisema kazi ya kusema kweli ndiyo hii. Kwa hiyo nilikwenda kumwona nikiwa na heshima zangu zote.

Filamu ya sasa ni ya mji wa kwetu, lakini inapigwa huku kwa sababu ni rahisi zaidi kwao. Ukumbi wa kanisa la zamani, mtaa wa Parkdale, ulikuwa umegeuzwa ua wa nyumba ya msiba. Migomba ya plastiki, udongo mwekundu wa kwenye magunia umemwagwa sakafuni, taa kali badala ya jua. Nje theluji ya kwanza inaanguka. Katikati, jeneza. Na waliokaa kulizunguka, wamefungwa kanga na vitenge, walikuwa majirani zetu wa Crescent Town. Mama Mdogo alikuwa mstari wa mbele.

Sikushangaa kumkuta. Mwanamke anayemtafutia Mwingereza watu alikuwa amepita kwenye jengo letu, kwenye chumba cha kufulia nguo, akiandikisha akina mama waje kuigiza kwa malipo. Nilichokuwa sikijui ni swali alilokuwa akimwuliza kila mmoja: je, umefiwa karibuni? Nikwambie, Mama, nani kati yetu angeona ubaya hapo? Mtu akikuuliza msiba, anakupa pole. Mama Mdogo alimjibu kama anavyojibiwa mtu aliyekuja kuhani. Akamwambia ndiyo, kaka yangu, anaitwa Stefano, sikuweza kwenda kumzika. Yule mwanamke akamshika mkono, akasema pole sana. Mama Mdogo alirudi nyumbani akimsifu kwa utu wake. Waliojibu ndiyo wote waliwekwa mbele.

Mwanzoni palikuwa na utani. Wanjiru, Mkenya wa jengo la pili, aliinua ncha ya jeneza akaguna, "Ala! Huyu marehemu mbona mwepesi hivi? Kwani alikuwa anafunga?"

"Wewe Wanjiru, nyamaza, utafukuzwa kabla hujala," akasema Mama Bea, Mkongo anayesuka nywele.

"Mimi nimefuata pilau ya matanga."

"Pilau gani? Huku utapewa mkate na jibini, na marehemu hakuachii hata supu."

Wakacheka hadi taa zikawashwa. Waliambiwa marehemu anaitwa Yusufu, wamlilie. Walijaribu mara mbili. Kilitoka kilio cha kwaya. Mwingereza akatikisa kichwa, akanong'onezana na yule mwanamke wa chumba cha kufulia. Kisha yule mwanamke akapiga makofi akatangaza kuwa jina limebadilishwa. Sasa marehemu anaitwa Stefano.

Nilimwona Mama Mdogo akigeuka kutafuta uso wangu, kana kwamba ni mimi niliyewatajia jina hilo. Kamera ilikuwa imeshaanza kumsogelea.

Alilia, Mama. Si kilio cha filamu. "Stefano! Kaka yangu Stefano! Nikirudi atanipokea nani kituoni?" Alilala juu ya lile jeneza la mbao nyembamba akalikumbatia.

Mama Bea ndiye aliyeng'amua kwanza. "Jamani, huyu analia wake! Mungu wangu, analia wake wa kweli!"

Akafungua kanga yake akaitandaza. Wengine wakafanya vivyo hivyo, wakasimama bega kwa bega wakamzungushia ukuta wa kanga. Mpiga picha akajaribu kupenya. Wanjiru akamkabili: "Toka hapa na hiyo mashine yako kabla sijaivunja! Toka!" Mwingereza hakupaza sauti. Alimwambia mpiga picha, "Endelea, usizime." Basi akapiga picha ya zile kanga. Wanawake wakaketi chini, wakanyoosha miguu, wakamlaza Mama Mdogo mapajani, wala hakuna aliyesimama tena kwa kazi yoyote mchana ule.

Mahojiano yangu na Mwingereza yalikuwa baadaye, kwenye gari lake la kupumzikia lenye joto. Alikuwa akinywa chai.

"Ulijua kwamba Stefano ni jina la kaka yake?" nilimwuliza.

"Nilijua. Ndiyo sababu nililitumia."

"Alikubali?"

"Alikubali kulia. Wewe ni mwandishi, unaelewa. Ukweli hauji kwa kuombwa."

"Mama yako alipozikwa, kamera ilikuwepo?"

Aliweka kikombe chini. "Hilo ni jambo la familia," akasema.

Niliandika maneno hayo kama yalivyo. Alininyooshea mkono wa kuagana. Nilikuwa nimeshavaa glavu, sikuzivua. Nimeona wezi wa mitihani, nimeona viongozi wakila dawa za hospitali, lakini hakuna niliyemnyima mkono kabla yake.

Gazeti lilichapa yote. Mama Mdogo alikwenda mwenyewe kuwaomba watu wa filamu waondoe kilio chake. Wakamjibu kwamba alikubali kupigwa picha. Kwa hiyo jina la Mjomba litasikika kwenye kumbi za watu wasiomjua, na nimeona heri ulisikie kwangu kabla hujasikia mitaani. Akina Mama Bea walikuja nyumbani na maharage na sima, wakakaa naye jioni kadhaa, msiba ukawa msiba. Lakini yeye anarudia neno moja: "Nimelipwa kumlilia kaka yangu. Dada akijua atanifanyaje?"

Nisalimie kaka Danieli fundi baiskeli, na wifi yangu Eliza mwuguzi. Mpe shikamoo yangu Baba Mkubwa Yakobo mzee wa kanisa, na umwambie miwani nimepeleka kwa mtu anayekuja Krismasi.

Jana, akiosha vyombo, Mama Mdogo aliniuliza Mjomba alizikwa amevaa nini: suti ya harusi yake, au ile kanzu ya kwaya aliyoipenda? Hakuna mtu aliyewahi kumweleza mazishi yalivyokuwa. Mimi kazi yangu ni kupata majibu, na hili nimeshindwa kumjibu. Wewe ulikuwepo, Mama. Mweleze wewe.

Mwanao,
Neema