Mshono Uliotoka Tanurini

Jumatatu, 4 Machi
Boila limefungwa! Mshono wa mwisho, ule unaozunguka tumbo, kachomelea mdogo wangu. Peke yake, mara ya kwanza. Ukipita, anaajiriwa kuwa fundi kamili. Ukikataliwa, anarudi kusugua kutu.

Mkaguzi hapa ni mimi, dada mtu. Tumeachiana ziwa, basi macho nimeyakaza mara mbili. Hamna kitu. Safi. Mshono umelala vizuri, mawimbi madogo madogo, hata nikautazama zaidi ya kazi inavyotaka. Nilijisahau pale mpaka mtu akaniuliza kama nimeolewa nao.

Jumanne, 5 Machi
Boila liko tanurini. Chuma kinene kikichomelewa hubaki kimejikaza, kama mtu aliyelala na hasira. Kinapashwa polepole, kinapozwa polepole, kinalegea. Napenda siku hizi. Karakana inakuwa na joto la kitandani, sauti zote zinakuja kutoka mbali.

Wakati wa chakula kaja msimamizi wetu – Fasta, tunamwita, maana kila kitu kwake haraka. Ati kwa kuwa nimeshakagua, boila likitoka linapanda lori moja kwa moja. Nikamwambia ukaguzi wa jana ulikuwa wa kutuokoa na usumbufu tu, ili kama kuna kasoro tuirekebishe kabla ya moto. Ukaguzi wa kupitisha ni baada. Kuna ufa unaozaliwa humo humo tanurini. Akacheka. Akasema mimi naota sana.

Kweli naota. Lakini si hilo.

Jumatano, 6 Machi
Linapoa. Mlango haufunguliwi.

Nimesinzia mchana kwenye kiti, nikaliona boila linapumua, tumbo linapanda, linashuka. Nikalifunika shuka! Nilipoamka nilikuwa natabasamu, halafu nikakumbuka linakokwenda: chumba cha kufulia, hospitali. Kina mama watasimama kando yake kutwa nzima, wakikunja mashuka, mvuke umebanwa nyuma ya mshono wetu.

Jioni mdogo wangu hakula. Fasta keshamwambia.
"Dada, Jumatatu ulinipitisha. Sasa unanitafutia nini tena?"
Nikamweleza kwamba simtafuti yeye. Akaosha sahani yangu na yake, akaenda kulala.

Naogopa. Nataka mshono uwe safi, nataka mno, na mkaguzi hatakiwi kutaka chochote.

Alhamisi, 7 Machi
Limetoka. Rangi ya njiwa, zuri ajabu. Lori liko mlangoni, injini inanguruma tangu asubuhi. Fasta anazunguka na funguo zake.

Nimesafisha mshono. Nimepaka dawa nyekundu, nimeiacha izame, nimeipangusa. Sasa nimepuliza nyingine, nyeupe. Kama kuna ufa, wekundu utapanda wenyewe juu ya weupe. Nimekaa juu ya ndoo, naandika. Mdogo wangu kachuchumaa kando yangu. Nyeupe inakauka, vumbi linaelea kwenye mwanga wa dirisha, na kwa muda kidogo nilisahau tunangoja nini.

Yeye ndiye kaona kwanza. Pembeni kabisa mwa mshono. Uzi. Mwekundu, mfupi kuliko kucha. Kisha ukarefuka.

"Huu ulikuwepo Jumatatu?"
Nikasema hapana.
"Hakika?"
Hakika.

Kitambaa nilichopangusia kiko gotini pake. Akipangusa mara moja tu uzi umefutika, na Fasta kaingia ofisini, hajaona. Mdogo wangu anakitazama kitambaa. Mimi namtazama yeye.

Amekiweka chini. Ameinuka, anakwenda mlangoni, hanigeukii. Namwona anajiinua hadi dirisha la lori –

Injini imezimwa. Kimya. Fasta anatoka ofisini, anauliza kwa ukali nani kaamuru, na mdogo wangu anajionyesha kifuani kwa kidole.