Kitabu Tulichokikata Vipande Vinne

Yaya Furaha, dada yangu mkubwa,

Misa imeisha, Maman amekula, nimemgeuza alalie ule upande wake wenye uhai bado, na amelala. Sasa nina nafasi ya kugombana na wewe kidogo.

Unakumbuka siku tuliyokata kitabu? Bibliyoteki ya parokia ilikuwa imepata riwaya mpya, nakala moja tu, na wasomaji wakasukumana mlangoni kama wanagombania samaki wa sambaza sokoni Kadutu. Ni wewe uliyeshika wembe. Mimi nilifunga macho. Ukakipasua vipande vinne, tukavishona kwa uzi wa gunia, tukavivika karatasi ya mfuko wa simenti, na watu wanne wakasoma kwa wakati mmoja. Padri alipokuuliza ni shetani gani amekuingia, ukamjibu, "Padri, hata mukate tunaukata mbele ya kula." Akacheka mpaka akakaa. Muzee Cirhuza wa posta alianza na sehemu ya tatu, akarudia ya kwanza, na hadi leo anaapa kwamba hivyo ndivyo kitabu kinavyonoga.

Kazi hii ya bibliyoteki ulinifundisha wewe. "Usiangalie kitabu, angalia mutu," ulikuwa unasema. Mgonjwa usimpe riwaya ya hospitali. Mtumishi ambaye mshahara wake haujafika mpe kisa cha mapenzi, tena kinene. Bado nafuata. Lakini riwaya za siku hizi, yaya, weee! Waandishi wetu wanamwacha mtu njiani. Hakuna arusi, hakuna matanga, ukurasa unaisha tu, na msomaji anarudi kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeuchana. Zamani niliwatetea. Nilisema maisha nayo yako hivyo. Siku hizi sina tena mdomo huo. Mtu aliyefungiwa ndani anataka kujua mlango uko wapi.

Halafu ikaja ile nafasi moja ya masomo ya bibliyoteki kule Kinshasa. Sisi tulikuwa wawili, na Maman alikuwa ametoka kuanguka, upande mmoja wa mwili umekufa. Tulikubaliana jikoni, unga wa bugali ukiwa bado mikononi: wewe kwanza, kwa kuwa ni mkubwa, miaka miwili, kisha urudi ukae na Maman, na mimi niende. Ukaitoa sehemu ya nne kwenye rafu, kabla sijaisoma mimi wala Muzee Cirhuza, ukaiweka juu ya nguo zako ndani ya valizi. "Hii njo dhamana yangu," ukasema. "Siku nitairudisha kwa mikono yangu, wewe utabeba valizi yako." Nilicheka. Nilikuamini kabisa.

Tangu hapo kila msomaji anakwama mwisho wa sehemu ya tatu. Mwanamke wa hadithi ile, yule muuza mikate, yuko bandarini, mguu mmoja juu ya ubao wa kupandia mashua, na mama yake anamwita kutoka nyuma. "Alipanda ao alirudia?" wananiuliza. Basi nikaanza kuwapa mwisho mimi mwenyewe. Muzee Cirhuza nilimwambia alipanda. Mjane mmoja wa Nyawera nilimwambia alirudi. Wakakutana, bwana! Muzee akaja amenuna: "Citoyenne, uko natuchezea? Na wewe mwenyewe, ungependa afanye nini?" Nikamjibu kwamba bibliyoteki inafungwa.

Ile miaka miwili ilipita, ikapita na mingine. Barua zako zinasema "karibuni, karibuni". Shangazi alipozikwa Mumosho, sikungoja hata chakula, nilikimbia kurudi kabla Maman hajajilowesha kitandani. Natoka kitandani pake naenda kwenye meza ya bibliyoteki, natoka kwenye meza narudi kitandani pake. Ziwa lote liko mbele yangu na sijui hata upande wa pili kunanukaje. Maman nampenda. Lakini nasema wazi: siku nyingine hewa inanikosa ndani ya nyumba hii, na mwandiko wako nauchukia.

Alhamisi jirani yetu Maman Nsimire aliteremka kutoka Kinshasa na furushi lako. Niliutambua ule uzi wa gunia kabla sijagusa. Sehemu ya nne. Bila barua, bila hata neno. "Alisema utaelewa," Maman Nsimire akaniambia, huku anaangalia chini. Nimeelewa, yaya. Ungekuwa unakuja, usingeituma kwa mkono wa mtu.

Muzee Cirhuza aliiona mezani, akainyoshea mkono. "Njo hii? Fungua basi!" Nikaichukua, nikaificha chini ya mto wa Maman. Nina hamu ya kuisoma mpaka vidole vinaniwasha. Lakini nikiifungua, nimepokea dhamana yako. Wewe unakuwa huru huko, mimi nabaki hapa, na hakuna tena cha kukuuliza. Sikubali.

Kwa hiyo Maman Nsimire akirudi huko Jumatano atakuletea barua hii pamoja na kipande chako, uzi haujafunguliwa. Muzee ameapa hatanisalimia tena. Anune. Yule mwanamke bado mguu wake uko juu ya ubao, na mama yake bado anamwita. Uilete mwenyewe, kwa mikono yako. Valizi yangu iko chini ya kitanda cha Maman, na leo nimeanza kuweka nguo ndani.

Mudogo wako, ambaye zamu yake imefika