Nimeipasha Moto Hedifoni ya Mwanangu

Kwako Mama Advera wa ukurasa wa ushauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye mkubwa basi pokea salamu zangu tu. Natumaini u mzima, wewe na wote wa hapo gazetini. Sisi huku Ntalikwa hatujambo. Binti yangu Najiat aliyeolewa Choma hajambo, yeye na mumewe na watoto, ingawa tangu Idi sijawatia machoni. Mdogo wangu Doto wa Tura hajambo, ni miguu tu inamsumbua. Jirani yangu Gaudensia hajambo, ndiye huniachia gazeti akishalisoma. Mwanangu Awadhi hajambo. Kuku hawajambo. Baba wa watoto wangu, Mzee Majidi, tulimzika mwaka juzi. Kwa hiyo ukiangalia vizuri utaona nyumba nzima tumebaki wawili, mimi na Awadhi, na haya ninayoandika yanamhusu yeye, au niseme yananihusu mimi maana mwenye kosa ni mimi. Naandika kwa mkono wangu, shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nivumilie.

Awadhi ana miaka ishirini na sita, ni fundi simu pale mjini, hanywi, havuti, kazini anaenda na kurudi anarudi, ugonjwa wake ni mmoja tu, hedifoni, hizi kubwa za kuvaa kichwani zinazoziba masikio yote mawili. Wana kundi lao kwenye simu, wengine wako Mwanza, wengine Dar, na kazi yao ni kusifiana hedifoni, hii ina sauti hivi, ile ina sauti vile, basi mwanangu akisoma zile sifa hali vizuri mpaka aagize. Mzigo ukija na basi anaufungua taratibu kama mtu anayemvua mtoto nguo, anavaa, anafumba macho, na mimi nasimama mlangoni namwombea moyoni kwamba safari hii iwe yenyewe. Haijawahi kuwa yenyewe. Uso unamshuka, anairudisha kwenye boksi lake, anaipanga juu ya zile nyingine, anakaa kitandani anaangalia sakafu. Siku mbili tatu anajilaumu, anaapa haagizi tena, halafu mtu mmoja kwenye kundi anasifia nyingine.

Baba yake alipokuwepo, jioni tulikaa wote watatu uani tunamenya karanga na redio iko katikati, huyu anabisha, yule anacheka. Sasa hivi redio naisikiliza mwenyewe. Nikibisha hodi chumbani kwake hasikii, nikimgusa bega anashtuka mpaka naona haya, kwa hiyo nikiivisha chakula nampigia simu. Mama Advera, niko jikoni, yeye yuko chumbani, hatua kumi hazifiki, na nampigia simu. Anakuja, anakula, anasema asante mama, anarudi. Doto anasema nimwoze upesi, eti mke atazivua. Gaudensia anasema kijana ana dharau. Sio dharau, mimi namjua mwanangu, ila hayupo.

Sasa sikia kosa langu. Mwezi uliopita ilikuja moja nyeusi, nzuri, ina ngozi laini pale inapokaa masikioni. Akavaa, akavua, safari hii hakwenda kukaa kitandani, alikuja jikoni akasimama, akaniambia, "Mama, nimedanganywa tena. Hii besi yake imekufa." Nikamuuliza besi ndiyo kitu gani. Akasema, "Ile sauti nzito ya chini. Kama ngoma kubwa ya baba." Mama Advera, hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyoniambia tangu mvua zianze. Nililala nayo, nikaamka nayo.

Mume wangu alikuwa mpiga ngoma, harusi za huku zote walimwita yeye. Na ngoma kubwa ikipoteza sauti dawa yake tunaijua wote, unawasha moto wa mabua, unaigeuzia ngozi kwenye joto, unaigonga kwa kidole, ikiitika unaitoa. Kazi ile niliifanya mimi miaka na miaka, yeye akivaa kanzu mimi niko na ngoma motoni. Basi Awadhi alipokwenda kazini nikaitoa ile hedifoni kwenye boksi, nikaikalisha karibu na jiko la mkaa, ngozi zikitazama moto, si karibu sana, nikawa nagonga kwa kidole. Nilifurahi, sikufichi. Nilisema moyoni leo akirudi atavaa na ataniita mimi kwa mdomo wake. Nikageuka kidogo kuangalia maharage. Nilipoona moshi, upande mmoja ulikuwa umeshajikunja kama kiazi kilichoungulia majivuni.

Nikaifuta, nikairudisha kwenye boksi, nikalisukuma chini kabisa ya yale mengine. Hajagundua, maana zikimkera haziangalii tena. Lakini yuko rafiki yake, Sahil, kijana wa duka la vitambaa, yeye aliipenda ileile na wamekubaliana wabadilishane. Sahil yuko safarini Dodoma, mwisho wa mwezi anarudi na Awadhi atafungua boksi mbele yake. Nimewaza niseme panya. Nimewaza niuze kuku wote niagize nyingine kimyakimya, ila kuagiza kwenyewe sijui. Na Awadhi ameshawahi kusema angepata chumba mjini ingekuwa rahisi kwa kazi, nikajifanya sikusikia. Akijua nimemharibia kitu chake na nikanyamaza, si ndiyo atapata sababu? Akiondoka huyu, nitampikia nani?

Nifanye nini? Nakuomba unijibu haraka, siku zenyewe zinakwenda na Sahil yuko njiani.

Ni mimi Mwamvita, mama Awadhi, Ntalikwa, Tabora

MAJIBU

Mama Awadhi, marahaba. Kwa hesabu zangu nimekuzidi, kwa hiyo nitakusema kama mdogo wangu.

Nilipofika kwenye jiko la mkaa nilicheka. Nilipofika pale uliposema ulitaka akuite kwa mdomo wake, nikaacha kucheka. Pole. Nyumba yenye watu wawili wasioongea ni kubwa kuliko nyumba yenye mtu mmoja.

Ila kwenye kuficha hapo umekosea, na unajua. Panya gani huyo anayeyeyusha plastiki? Awadhi ni fundi, anashika vitu vilivyoungua kila siku, atakutazama usoni na utaumbuka bure. Kuku waache watage. Mwanao tayari ana watu wanaomletea boksi zuri lenye kitu cha kumvunja moyo ndani. Usijiunge nao.

Unaogopa ataondoka kwa sababu ya hedifoni. Kijana wa miaka ishirini na sita huenda akahama siku moja, kwa chumba, kwa mke, kwa kazi, na hiyo si adhabu yako. Ila anayehama akiwa ameambiwa ukweli hurudi Ijumaa kula. Anayehama kwa sababu mama yake alimdanganya hupiga simu tu, na simu umeshaichoka.

Basi fanya hivi, na ufanye leo kabla ya chakula, usingoje kushiba. Mfuate chumbani. Akishtuka, ashtuke. Litoe boksi mwenyewe, lifungue mwenyewe, mwonyeshe. Usianze na machozi wala habari za upweke wako, atadhani unamtega. Mwambie ulichofanya na kwa nini ulikifanya, kwamba alisema ngoma ya baba na wewe dawa ya ngoma ya baba ndiyo unayoijua. Akikasirika, mwache akasirike, usiongeze neno. Sahil ataambiwa na Awadhi mwenyewe, mapema, kwa simu. Huyo ni rafiki, ataelewa.

Na wewe Awadhi, kama mama yako amekuwekea ukurasa huu kitandani badala ya kunitii: wanaosifia kwenye kundi wana masikio yao na wewe una yako. Usiagize kitu ambacho hujakisikia. Uza zile za kuuza, baki na moja, na saa ya kula iwe mezani, si kichwani.

Mama Awadhi, jambo la mwisho. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniambia jinsi anavyofungua mzigo, anavyofumba macho, uso unavyomshuka. Hukuniambia anasikiliza nini. Nadhani hujui, na nadhani hujawahi kumuuliza. Hasira zikishapita, muulize. Hata kama ni makelele ya vijana, kaa hapohapo ukingoni mwa kitanda, mwambie akuvishe iliyo nzima, na usiivue mpaka wimbo uishe.