Okoth Anapokea kwa Simu

Jumatano. Manyunyu tangu asubuhi, na roho yangu leo si safi.

Niseme tu ukweli: namwonea Okoth wivu. Wivu wenyewe wa kumkodolea mtu macho mpaka chai inapoa mkononi.

Sisi wawili tunauza kripto, hizi sarafu za mtandaoni, hapa Migori mjini, vibanda vyetu vinatazamana. Mimi hupokea keshi peke yake. Kripto ikishatoka kwangu hairudi tena, lakini aliyelipa kwa simu anaweza kudai kuwa alituma kimakosa na akarudishiwa pesa yake. Hapo umebaki mikono mitupu. Ndiyo maana nimebandika karatasi mlangoni: KESHI TU. Nilikuwa najiona mjanja.

Leo Mama Shantel amevuka barabara. Huyu mama huagiza vipuri vya simu kutoka Uchina na kulipia kwa kripto. Kodi ya kibanda changu hutoka kwake. Wala hakujificha.

"Robi, usikasirike," aliniambia, "lakini mimi nimechoka kutembea na doo kwa kikapu. Okoth anachukua kwa simu."

Nikatabasamu, nikamwambia hakuna shida.

Shida ilikuwepo. Nilimwona Okoth akimpangusia kiti.

Juzijuzi kijana mmoja alimfanyia Okoth kile ninachokiogopa. Alichukua kripto, halafu akairudisha pesa kwenye simu yake. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Niliingia ndani nikacheka peke yangu. Kumbe Okoth hamuuzii mtu kabla ya kumuuliza, "In nyakwar ng'a?", yaani kwa Kijaluo, wewe ni mjukuu wa nani. Alipanda boda mpaka Macalder, akaketi kwa nyanya ya yule kijana, akanywa chai. Jioni alirudi na pesa yake yote, na jogoo juu. Hata sauti hakupandisha.

Mimi ni Mkuria wa Ntimaru. Hata hawa wateja Wajaluo wakinitajia nyanya zao, nitaenda kuketi kwa nani? Hilo ndilo linaloniuma kuliko wateja. Okoth ana watu. Mimi nina karatasi mlangoni.

Mchana akaja msichana nisiyemjua, hana keshi. Aliposoma karatasi akageuka kuelekea ng'ambo, kwa nani tena kama si kwa Okoth. Sijui ni nini kilichoniingia. Nilimwita. Nikamuuliza ni mjukuu wa nani, nikiiga kama kasuku. Akasema kwao ni Ndhiwa, akataja na jina la nyanya yake. Mimi Ndhiwa sijui hata mbuzi wa mtu. Nikapokea kwa simu, nikamtumia kripto yake, akasema, "Asante, auntie," akaenda zake.

Sasa nimekaa na simu mapajani. Kila ikilia nashtuka. Mpaka naandika haya, pesa ipo.

Na hili sijamwambia mtu: kuna kipande cha moyo wangu kinachotaka irudishwe. Niile hasara, kisha nimwite Mama Shantel nimwonyeshe simu, nimwambie si nilisema? Kwa sababu isiporudishwa, basi ule haukuwa ujanja. Ulikuwa woga, na wateja wangu nimemfukuzia Okoth mimi mwenyewe.

Mimi ni mtu wa aina gani, ninayeomba pesa yangu ipotee?