Chaki Ndani ya Koti

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta umeshapata nafuu ya mgongo, na kwamba wifi bado anakusimamia unywe dawa, maana ukiachwa peke yako utazificha chini ya mto. Sisi huku ni wazima. Cherehani yangu inakohoa kuliko mimi, lakini inashona.

Ujumbe wako ulifika. Unasema umeaibika, kwamba watu wanavumisha dada yako mdogo anaandika uchawi ndani ya makoti ya wateja, na unataka maelezo. Haya, maelezo ndiyo haya, na usome mpaka mwisho kabla hujapandisha presha.

Koti ni la mwalimu mkuu. Nilipolishona niliandika kwa chaki ndani ya bitana, na chaki huwa naifuta kwa brashi na pasi kabla mteja hajachukua nguo yake. Siku hiyo umeme ulikatika, pasi ikapoa, naye akaja akalibeba hivyohivyo, ana haraka ya mkutano wa wazazi. Mkutanoni akaona joto, akalivua, akalitundika kwenye kiti, bitana ikawaangalia wazazi wote. Maneno yenyewe hakuna aliyeweza kuyasoma, basi nusu yao wakahama viti. Huo ndio uchawi wangu, kaka. Ni Kijerumani.

Najifunza Kijerumani, ndiyo, na mvi zangu hizi, kwenye chumba juu ya duka la dawa, pamoja na manesi wanaotafuta kazi Ujerumani, ambao ningeweza kuwazaa. Sina nafasi ya kukaa mezani na vitabu, kwa hiyo naandika pale mkono ulipo, na mkono wangu uko kwenye kitambaa. Sasa tumefika kwenye kitu wanachokiita dativi, nacho kimenitoa jasho. Kila jina lao huvaa kofia mbele: mwanamume der, mwanamke die, mtoto das. Nilipokwisha kuzikariri na kujiona msomi, mwalimu akasema kwamba anayepewa kitu, au anayefanyiwa jambo, hubadilishiwa kofia. Mwanamume na mtoto wanavaa dem, na mwanamke anavaa der, ileile ya mwanamume niliyohangaika nayo. Nikamwambia mwalimu hao watu wanatutania. Akacheka, akataka kujua nafanya kazi gani. Nikasema nashona. Akaniuliza nashona nini, na namshonea nani, nikaelewa palepale. Gauni ndilo linaloshonwa, na wa dativi ni yule anayelisubiri. Sisi tunamficha ndani ya kitenzi, tunasema namshonea. Wao wanambadilishia kofia. Tangu siku hiyo simkosei.

Kwenye koti la mwalimu mkuu niliandika: Ich nähe dem Kind ein Kleid. Maana yake, namshonea mtoto gauni. Sasa utauliza, kama ninavyokujua, mtoto gani.

Mtoto wa binti yangu. Yule mpwa wako uliyesema kwenye kikao cha familia kwamba ameolewa na Mjerumani bila ruhusa yako, basi asihesabiwe tena, na simu yake asiipokee mtu. Mimi siku ile sikubisha, nawe ukadhani nimekubali. Sikukubali. Simu zake nimezipokea zote.

Mjukuu wangu ana miaka mitano na hajui lugha yetu, mama yake ndiye anayetutafsiria. Kuna siku alinitazama kwenye simu, akauliza kitu, binti yangu akainamisha kichwa. Nikambana mpaka akaniambia. Mtoto alitaka kujua kama bibi ni bubu. Kaka, neno lile liliniuma kuliko sindano zote zilizowahi kunichoma, na wiki ileile nikajiandikisha darasani.

Juzi nilipiga simu mama yake akiwa kazini, akapokea baba mtu. Nikamwomba anipe mtoto, kwa Kijerumani changu cha kuchechemea, na nikamwambia mtoto mwenyewe kwamba namshonea gauni. Akaniuliza, "Lina mifuko?" Nikamjibu linayo, miwili. Akakimbia kwenda kumwambia paka. Nililia nikalowesha kitambaa cha mteja, na huyo mteja simwombi radhi.

Sasa sikia lililobaki. Wanakuja, wote watatu, shule zikifungwa. Watalala kwangu na watakula kwangu, na mlango wangu haufungwi kwa amri ya mtu. Nakuheshimu, kaka, wewe ndiye uliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, lakini kwa hili siombi ruhusa, natoa taarifa. Ukitaka kuja, kiti chako kipo. Na ukitaka kuyarudia yale uliyoyasema kikaoni, yaseme mbele ya mtoto, nami nitamtafsiria. Sitaongeza neno wala sitapunguza. Kwa hiyo uyachague maneno yako ukiwa bado njiani.

Msalimie sana wifi, mwambie nguo yake iko tayari na haina chaki. Nawe jitunze mgongo. Mtoto aliniuliza kama huku ana babu, nikamjibu yupo, anaumwa mgongo tu.

Ni mimi mdogo wako, ambaye sasa mtaa mzima unamwita
Fundi Chaki