Kamanda Nimeenda Naye

Baba Whitney,

Chai iko kwa thamosi. Vaa shati la bluu, nimelipiga pasi, maana lile jeupe Kamanda amelirarua mkono. Simlaumu. Mbwa gani angekubali kulazwa chali na kukandamizwa shingo asubuhi yote hii, ati ndivyo atajua mkubwa wa nyumba ni nani?

Hayo ni mafunzo ya Carolyne wa mtaa wa Fedha, anayejiita mwalimu wa mbwa. Mimi nikikwambia usimguse akila, unasema sijui mbwa. Yeye akikutumia sauti kwa WhatsApp, unairudia, na unatabasamu. Nilimuuliza alisomea wapi. Akasema amelelewa na mbwa. Hata dada anayenisuka ana cheti ukutani. Siku Kamanda akimng'ata Whitney, tutamuuliza nani?

~~Usimpigie Carolyne tena.~~ Mpigie, lakini mimi nikiwa nimekaa hapo.

Nimempeleka Kamanda kwa yule daktari wa mifugo wa Makongeni. Yeye amesomea tabia za mbwa, ni mpole, na ameahidi kunieleza kila kitu polepole.

Ndiyo, lile gauni la kijani usilopenda nilivae bila wewe, nimelivaa.

Mama Whitney